Rangi ya Mafuta Katika Baridi ya Njombe

Wengi wenu mmekwisha kupaka mlango au dirisha rangi ya mafuta, nanyi mwajua ya kuwa juu ya kopo huandikwa saa za kukauka kwake. Mimi nami naliyasoma maneno hayo mwezi wa Juni, mwaka 2019, nikayasadiki. Maneno madogo yaliyofuata, yasemayo kwamba saa hizo ni za mahali penye joto la digrii 25, sikuyaangalia.

Njombe imeinuka karibu meta 2,000 juu ya bahari, na mwezi ule ukungu hulala mabondeni hata jua likiwa limepanda. Katika karakana ya shule yetu wanafunzi walikuwa wametengeneza mabenchi manane ya mbao za paina, ya kukalia wagonjwa wangojeao zamu zao zahanati. Nami naliwaahidi wazee wa usharika kuyaleta siku ya Jumapili. Tukapaka Jumatano jioni, tena rangi nzito, ili mkono mmoja utoshe. Hata Ijumaa asubuhi nikagusa: kidole kilinata, na alama yake ikabaki.

Mzee mmoja, fundi wa rangi wa siku nyingi, alipita akasimama mlangoni. “Kamwene, Mwalimu,” akasema. “Hii hukuipaka, umeimwaga.” Sikumjibu vizuri, kwa kuwa nalidhani kilichopungua ni moto tu. Jioni nikawasha majiko mawili ya mkaa wa miwati, nikafunga madirisha, nikawaweka vijana wawili kulinda.

Saa mbili usiku nalikwenda kutazama. Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa magotini, wala hakuniitikia. Mwenziwe alisema kichwa chamwuma na moyo wamchafuka. Tuliwavuta nje, tukawapeleka hospitali, wakapewa oksijeni ya kuvuta. Mkaa ukiungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, iitwayo kaboni monoksaidi. Nami ni mwalimu. Jambo hilo nimelifundisha darasani. Mama wa yule kijana wa kwanza alikaa nami hata alfajiri. Hakupaza sauti. Alisema tu, “Mwalimu, mtoto nalikukabidhi wewe.” Asubuhi wote wawili walikuwa wazima, namshukuru Mungu.

Na mabenchi? Rangi ilikuwa imejikunja kama ngozi ya mzee. Ndipo nikamwendea yule fundi nyumbani kwake, nikamwomba radhi, naye akaja. Rangi ya namna hii hukauka mara mbili. Kwanza tina huruka hewani, na mkono huona kwamba imekauka. Kisha mafuta yenyewe huvuta oksijeni ya hewa na kushikamana polepole mpaka yawe magumu, na kazi hii ya pili huchukua siku nyingi, tena baridi huikawiza sana. Ukipaka nzito, juu hufanya utando na chini hubaki majimaji. Ndiyo maana ilijikunja ilipopata moto. Na mimi, kwa kufunga madirisha, nalikuwa nimeinyima hewa ile ile iliyoihitaji!

Tulikwangua yote, tukapiga msasa. Safari hii tulipaka saa nne asubuhi, umande ukiisha kukauka, maana umande ukiangukia rangi mbichi huondoa mng’ao wake. Tuliacha madirisha wazi, na kila mkono ulikuwa mwembamba. Tukangoja siku tatu kabla ya kuurudia. Kopo tuliliweka juani kabla ya kulifungua, burashi ipite kwa wepesi bila kuongeza tina. Jiko halikuingia tena.

Mabenchi yalifika zahanati wiki tatu baada ya siku niliyoahidi. Wazee waliponiuliza sababu naliwaeleza yote, na wale vijana wawili wakisikia, kwa kuwa ndio waliokuwa wameyabeba.