Bwana Msa Akosee?

Kosa la Bwana Msa ya Mohamed Said Abdulla ilitoka 1984, ila kwetu Runzewe ilifika likizo iliyopita, kwa hiyo kwetu ni mpya. Nyumba ikagawanyika. Kaka, aliyeacha shule akaenda machimboni, alichukizwa na jina tu: mpelelezi tuliyemzoea tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, na kiko chake mdomoni, akosee? “Mwandishi kachoka huyu.” Dada akasema asiyekosea ndiye anayechosha. Mimi niko na dada. Lakini aliyekimaliza usiku uleule kwa tochi ya simu ni kaka, na asubuhi bado analalamika! Darasani tunafundishwa kumvutia msomaji mvivu. Hasira sijaisikia ikitajwa. Nimemwomba kitabu niende nacho mazoezi ya kufundisha. Kagoma.