Picha za Minara Miwili

Ukikaribia Unguja kwa boti, minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu huonekana juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Lilikamilika mwaka 1898. Ndani, kuta zimechorwa habari za Agano la Kale, hata asiyejua kusoma azifuate.

Marekani, watoto wa shule za Kikatoliki walifundishwa vivyo hivyo na Treasure Chest, gazeti la hadithi za picha lililotoka 1946 hadi 1972. Mwaka 1964 lilisimulia habari za mgombea urais aliyefichwa uso; mwishoni akaonekana kuwa mtu mweusi. Obama alichaguliwa miaka 44 baadaye.

Mama, mtoto huamini picha kabla ya kujua herufi. Ukizuru Unguja na wanao, waingize humo, wakusimulie wanachokiona.