KANUNA WIKI NZIMA KISA KODI YAKE IMEKOSOLEWA, KUMBE ANGESIKILIZA BARAFU LA MAMA LISINGEYEYUKA!

Kuna kijana mmoja wa Mji Mkongwe, fundi simu, kibanda chake kipo Darajani. Mchana anafungua simu za watu, usiku anaandika kodi. Sio kodi ya mapato jamani, hizi za kompyuta! Safari hii kaandika draiva, na wala sio wa kuendesha daladala ya Bububu. Ni programu ndogo inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa kipya.

Kifaa chenyewe ni ADC, chipu inayopima umeme na kuugeuza namba. Umeme unapanda na kushuka taratibu kama maji ya Forodhani, ila kompyuta inaelewa namba tu. Chipu ya biti 12 inatoa namba kuanzia 0 mpaka 4095. Jamaa kaifunga kwenye Raspberry Pi yake, akaiunganisha na betri ya sola ya nyumbani.

Kwa nini betri? Mama yake anauza barafu na juisi ya ukwaju. Unguja ilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, na mama akiisimulia miezi ile mpaka leo anashika kichwa. Kwa hiyo kijana alitaka kengele ilie kabla betri haijaisha na friji kuzima.

Akamaliza. Kioo kinaonyesha volti, mama kafurahi, washkaji wa Jaws Corner wakampongeza kwa kahawa. Akamtumia dada mmoja waliyesoma naye skuli, sasa yuko chuo Tunguu: "Dada, nipitie hii kabla sijaipeleka Linux." Moyoni alikuwa anasubiri sifa.

Zikarudi hoja 19! Nafasi zimekaa vibaya, jina hili halieleweki, na ya mwisho: "Kaka, chipu isipojibu inakuwaje?"

Jamaa kanuna. Meseji hajibu, wakipishana Mkunazini anajifanya anaangalia simu. Akawaambia watu eti dada anajidai msomi.

Usiku wa nane umeme ukakatika, na waya wa chipu ulikuwa umechomoka. Draiva ikaomba namba, ikarudishiwa kosa. Haikulikagua, ikabaki na namba ya zamani. Ni sawa na kumtuma mtoto sukari dukani, karudi mikono mitupu, halafu wewe unawaambia wageni sukari ipo kwa sababu jana ilikuwepo. Kioo kikaonyesha volti 12.6 mpaka alfajiri, kengele kimya. Asubuhi barafu lote maji, biashara ya siku imekwenda.

Mama hakugomba. Aliuliza tu: "Mwanangu, si ulisema itanistua?"

Daah! Hilo ndilo lililomchoma.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili: kagua jibu, ukipata kosa sema ni kosa. Ndiyo ile hoja ya mwisho.

Na huko Linux, iliyoanza 1991 na ndiyo iliyo ndani ya simu za Android, mambo ni hayohayo. Kodi inakaguliwa hadharani kwa barua pepe, na draiva za ADC zinapita mikononi mwa Jonathan Cameron na wenzake. Kurudishwa ukaandike toleo la pili, la tatu, ni kawaida. Ila kukosoa sio kutukana: mwaka 2018 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi kwa ukali wa barua zake. Dada wa watu hakutukana hata neno moja. Aliuliza swali.

Jioni kijana akapanda gari mpaka Tunguu. "Dada, nisamehe."

Dada akanyoosha mkono: "Toleo la pili liko wapi?"

Waliompongeza kwa kahawa hakuna hata mmoja aliyeifungua ile kodi. Aliyeisoma yote, mstari kwa mstari, ndiye aliyenuniwa.

Je, wewe umemnunia nani aliyekuambia ukweli? Funguka hapo chini.