Mistari Inayoshika Oili

Pikipiki yangu ilianza kula oili na kutoa moshi wa bluu. Fundi mmoja wa Moshi mjini akaifungua injini. Nikachungulia ndani ya silinda: iling'aa kama kioo. Nikafurahi. Yeye akatikisa kichwa.

"Huo mng'ao ndio ugonjwa wenyewe, kaka."

Alifunga mawe madogo ya kusagia kwenye drili, akayazungusha huku akiyapandisha na kuyashusha, mpaka ukuta wa silinda ukajaa mistari myembamba inayokatana kama msuko wa mkeka. Chuma kilicholainika kupita kiasi, akanieleza, hakishiki oili. Ringi za pistoni hazikai sawasawa, oili inapita kwenda kuungua. Ile mikwaruzo ndiyo maghala yake.

Mwili ulilijua hilo kabla ya gereji yoyote. Magoti yanayotushusha kutoka Marangu hadi Moshi yana gegedu lenye vitundu vidogo vilivyojaa majimaji. Ukikanyaga, majimaji hayo hubeba sehemu kubwa ya uzito, mifupa isisagane. Wahandisi nao wamefika hapohapo. Katika miaka ya 1990, Profesa Izhak Etsion wa Technion, Israel, alianza kutumia leza kuchimba vishimo vidogo mno juu ya chuma, kila kimoja kisima cha oili.

Krismasi ya mwaka huo nilipanda kwenda nyumbani nikiwa na mwaka wa tatu sijazungumza kwa dhati na mdogo wangu, kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Salamu tulipeana. Tulitabasamu mbele ya mama, hakuna neno la kukwaruza. Nje tulikuwa laini kabisa, na ndani tulikuwa tunaungua.

Mpaka wetu, kama mipaka mingi ya Uchagani, ni mstari wa mimea ya masale. Na jani la isale ndilo Mchaga anayeomba msamaha humpelekea aliyemkosea. Nimekulia kati ya mambo hayo mawili bila kuyaunganisha. Wazee wetu hawakufuta mstari kati ya ndugu ili wasigombane. Waliupanda, na ndani yake wakaotesha dawa ya ugomvi.

Nilikata jani moja palepale mpakani, nikampelekea. Tulisemezana yote, mengine kwa sauti ya juu, mama akisikiliza kutoka jikoni. Mpaka haujasogea. Januari tuliyapalilia yale masale pamoja, kila mmoja upande wake.