Baiskeli, Baridi na Neno "Sijambo"



Napenda kukusimulieni khabari iliyonifika mimi mwenyewe katika nchi ya Uingereza, nikiwa juu ya baiskeli, wakati wa baridi kali. Huenda baadhi yenu mkauliza: baiskeli na gazeti la majumbani mwetu vimekutana wapi? Nakuombeni mnivumilie mpaka mwisho, kwani khabari hii ilianzia mlimani, lakini ilimalizikia sebuleni kwangu, mbele ya mwanangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, na asiyeijua Tanga nimwambie kuwa ni mji wa baiskeli. Tangu utoto wetu tuliwaona wakubwa kwa wadogo wakienda sokoni, kazini na msikitini juu ya magurudumu mawili. Marehemu baba yangu alikuwa na Raleigh nyeusi yenye karia ya chuma, na kwa karia hiyo aliuza mikate alfajiri kwa alfajiri, akatulea na kutusomesha. Nilipokuwa najifunza kusoma, katika maneno ya kwanza ya kigeni niliyoyatambua ni yale ya kibati cha mbele cha baiskeli ile: Nottingham, England. Sikujua ni nini. Kumbe ni mji ulio kiasi cha kilomita 60 kusini ya Sheffield, mji ambao Mwenyezi Mungu alinikadiria kwenda kuishi mwaka 2009, mimi na mke wangu na mtoto wetu wa kiume.

Sheffield si Tanga. Ni mji wa vilima na mabonde, uliopata sifa kwa visu na chuma. Huko ndiko Harry Brearley alikogundua, mwaka 1913, chuma kile kisichoshika kutu. Upande wa magharibi ya mji kuna milima na nyika pana zisizo miti, makao ya kondoo na upepo. Mwaka 2016 mtu mmoja niliyefanya kazi naye alinialika katika chama cha waendesha baiskeli cha mtaani kwao. Si chama cha mashindano wala cha fedha. Ni wafanyakazi, walimu, na wazee waliostaafu, wanaokutana kila Jumapili saa tatu asubuhi, wakaenda kilomita 50 au 60, wakanywa chai njiani, wakarudi makwao. Waingereza wana mazoea haya tangu zamani: Cyclists' Touring Club, chama chao kikubwa cha safari za baiskeli, kiliasisiwa Harrogate mwaka 1878, na hata leo kipo, kwa jina la Cycling UK.

Nilidhani baridi ikiingia wataziweka baiskeli ndani mpaka jua lirudi. Sivyo. Wanachoweka ndani ni baiskeli nzuri tu. Kisha huitoa ile kuukuu, wakaivika matairi mapana zaidi, taa mbele na nyuma, na madigadi marefu. Na khasa madigadi yana sharti lake: ile ya nyuma hutiwa ulimi wa mpira unaokaribia kugusa ardhi. Usipokuwa nao, hukufukuza mtu, lakini siku nzima utakwenda nyuma ya wote. Sababu yake ni kuwa maji ya gurudumu lako humrukia usoni anayekufuata, nayo ni maji yenye tope, samadi ya kondoo na chumvi. Naam, chumvi! Serikali ya mji humwaga chumvi ya mawe barabarani ili maji yasigande, na chumvi hiyo hula mnyororo wa baiskeli kama hewa ya bahari inavyokula baiskeli za kwetu. Nilipojikuta nauosha mnyororo wangu kila Jumapili jioni nilimkumbuka baba, aliyekuwa akiifuta Raleigh yake kwa kitambaa chenye mafuta kila usiku.

Mchana wa huko katika Desemba ni mfupi mno. Jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Adhuhuri na alasiri hukaribiana sana, na zote mbili huweza kumkuta mtu njiani. Mara ya kwanza nilipowaambia wenzangu kuwa nahitaji dakika chache niliona haya. Nahodha wa msafara wetu, mzee aliyepata kufanya kazi katika viwanda vya chuma, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, alinionyesha ukuta wa mawe unaokinga upepo, akasema, "Pale pakavu." Tangu siku ile hakungoja nimwambie, saa ikifika, husimamisha msafara kwenye ukuta. Huko wao kwa wao huitana kwa majina matupu, mkubwa na mdogo, lakini mimi moyoni mwangu sikuweza kumwita ila Mzee.

Sasa niifikie siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili moja ya Januari 2019. Hapakuwa na barafu. Lau ingekuwapo tusingetoka, kwani sheria ya Mzee ilikuwa barabara ikiganda watu walale. Palikuwa na mvua, na joto la digrii 3. Wengi hudhani theluji ndiyo adui mkubwa. Mimi nimejifunza kuwa mvua ya digrii 3 yenye upepo ni khatari kuliko theluji kavu, kwa sababu nguo ikishalowa haikingi tena. Na ukiteremka mlima kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika baridi hiyo, upepo unaokupiga huufanya mwili uhisi kama digrii 4 chini ya sifuri.

Niliondoka nyumbani na kikombe cha chai tu tumboni. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 15, nilimkuta jikoni. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo." Nikafunga mlango.

Tulipanda bonde la Rivelin mpaka Moscar, tukatokwa na jasho, kisha tukateremka kwenye ziwa la Ladybower hali jasho lile limegeuka maji ya baridi kifuani. Ladybower ni ziwa la kutengenezwa na watu. Boma lake lilijengwa kati ya 1935 na 1943, na maji yake yakavifunika vijiji viwili, Ashopton na Derwent. Katika siku za mvua nyingi ziwa hujaa, na maji ya ziada huingia katika mashimo mawili makubwa ya duara yaliyo kando ya boma, yakaanguka chini kwa ngurumo. Tulisimama kutazama. Wenzangu wakafurahi, mimi nilikuwa natetemeka, na nilitamani tuondoke.

Tulikunywa chai Castleton. Hapo kila mtu alitoa mfukoni glavu kavu, akazivua zilizolowa. Mimi nilikuwa na jozi moja tu. Mzee alinitazama mikono, akauliza, "U mzima?" Nikamjibu, "Sijambo kabisa." Kwa nini nilisema hivyo? Nikueleze kweli: ni kiburi. Nilikuwa mtu pekee mwenye asili ya Afrika katika msafara ule, na sikutaka pasemwe kuwa mtu wa nchi za joto ameshindwa na baridi.

Tukarudi kwa njia ya Hathersage, tukaanza kuupanda mlima wa kuelekea Burbage. Upepo ukatupiga usoni. Vidole vyangu havikuweza kubana breki. Mzee akaja ubavuni, akauliza tena. Nikajibu vile vile. Baada ya muda nikaacha kutetemeka, nikaona raha, nikadhani nimeota joto. Wenzangu waliniambia baadaye kuwa nilianza kusema Kiswahili, na baiskeli yangu ikawa inakwenda upande kwa upande mbele ya magari.

Mzee akapiga mbinja, msafara wote ukasimama. Safari hii hakuniuliza hali. Alisema, "Gusa kidole chako kidogo kwa kidole gumba cha mkono ule ule." Jambo hilo hata mtoto mdogo aweza. Mimi nilikitazama kidole changu nikakiamuru, nacho kisinitii. Nikajaribu tena. Hapo ndipo khofu iliponiingia.

Hakubishana nami. Walinikalisha nyuma ya ukuta wa mawe, wakanivua fulana iliyolowa, na yeye akatoa mkobani sweta kavu, kofia na glavu, akanivika kama anavyovikwa mtoto. Mwingine alinipa chai tamu ya chupani, mwingine mkate wa shayiri na asali. Hawakuniruhusu kupanda baiskeli, kwani upepo wa kuteremka ndio ungalinimaliza. Tulirudi Hathersage kwa miguu, mimi na Mzee na vijana wawili waliosukuma baiskeli zetu, karibu saa nzima, ili mwendo uurudishie mwili joto lake. Kisha yeye akapanda gari moshi pamoja nami mpaka Sheffield, akaiacha safari yake.

Ndani ya gari moshi nilimwomba radhi kwa kumdanganya. Akasema: "Hukunidanganya, ulijidanganya wewe. Mwili wa mtu una digrii 37. Ukishuka chini ya 35, akili nayo hupoa, na mwenyewe hajui. Kwa hiyo kwa mtu aliyepigwa na baridi mimi simsikilizi anavyosema. Nauliza vidole."

Ndugu wasomaji, maneno hayo niliyabeba mpaka nyumbani. Nilikaa karibu na moto nimejifunika blanketi, na mwanangu akaniletea chai ya tangawizi. "Pole, baba. Shikamoo." "Marahaba. Hujambo?" "Sijambo."

Wallahi, ilikuwa kama nimelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimelisema mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naangamia. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivyo, na ni adabu nzuri: mtu huulizwa khabari za nyumbani, akajibu "njema," kisha ndipo akasema kuwa kuna mgonjwa au kuna msiba. Ile "njema" ni mlango tu, wala haikukusudiwa kuwa nyumba nzima. Lakini mimi na mwanangu kwa miezi mingi tulikuwa tukisimama mlangoni, kila mmoja akaenda zake.

Nikajiambia, usimuulize hali, uliza vidole. Nikasema, "Mwanangu, wiki iliyopita pale shuleni, chakula cha mchana ulikula na nani?"

Akanyamaza muda mrefu, anakitazama kikombe. Kisha akasema, "Peke yangu."

"Siku ngapi?"

"Tangu Septemba, baba."

Alinieleza kwamba wenziwe walimtenga, wakampa jina la kumcheka, na kwamba kila mchana hula nyuma ya jengo la maktaba ili asionekane. Miezi mitano! Na katika miezi hiyo kila asubuhi nilimuuliza hujambo, naye akanijibu sijambo, nami nikaridhika. Mama yake alipoingia alitukuta sote wawili tunalia.

Sitakwambieni kuwa mambo yalitengenea siku ya pili yake. Tulikwenda shuleni mimi na mama yake, si mara moja. Jambo lilichukua mpaka kiangazi kutulia. Lakini tangu usiku ule hakuwa peke yake, na hiyo ndiyo nusu ya dawa. Majira ya baridi yaliyofuata alikuja nasi mlimani, juu ya baiskeli kuukuu aliyoazimwa na Mzee, yenye madigadi marefu. Aliketi nyuma ya gurudumu langu akikingwa upepo, na nilipochoka alikwenda mbele akanikinga mimi.

Kwa hiyo, enyi vijana, mkijaaliwa kwenda safari za baridi, kuleni kabla ya kuondoka, chukueni glavu jozi mbili na nguo kavu ndani ya mfuko usioingia maji, na kabla ya yote semeni mapema kwamba mmeshindwa. Anayesema mapema huwachelewesha wenziwe dakika tano. Anayenyamaza huwaharibia siku nzima, na huenda akajiharibia umri wake. Nami nilikuwa huyo wa pili.

Na sisi wazazi, tusiiache salamu, lakini tusiifanye ndiyo mazungumzo. Baada ya "hujambo" na tuulize swali la pili, dogo, lisiloweza kujibiwa kwa neno "sijambo": nani ulikaa naye, nini kilikuchekesha, usiku ulilala saa ngapi. Tena tungoje jibu, kama msafara unavyomngoja aliye nyuma.

Mwanangu leo ni mtu mzima, anafanya kazi mji mwingine. Kila Jumapili jioni hunipigia simu nikiwa naosha mnyororo. Hunipa shikamoo yangu, nami humwitikia. Kisha huniuliza, "Na vidole je, baba?" Nami siku hizi humwambia kweli.