Mota Iliyokataa Kuwaka Ziwani Kivu

Mtu akitazama Bukavu kutoka mlimani huona mji umenyosha rasi zake tano ndani ya maji, kama mkono na vidole vyake. Kwa wakazi wa rasi hizo, na zaidi kwa ndugu zetu wa kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu ndilo barabara. Katika barabara hiyo chombo kikizimika hapana pa kusimama.

Jambo hilo nilifundishwa na safari moja. Tuliondoka Ibanda alfajiri kwenda Idjwi, watu sita katika mtumbwi wa mbao, pamoja na chumvi, sabuni na vitabu vya shule. Mota yetu ilikuwa kuukuu. Ilinunuliwa Uvira, ambako ilikuwa imefanya kazi miaka mingi katika ziwa Tanganyika, na muuzaji aliapa kwamba huko iliwaka kwa mvuto mmoja. Kwetu iliwaka kwa taabu. Na tulipofika mbali na pwani ikazimika.

Nikaifunga choki kabisa, nikavuta kamba. Nikavuta mara ishirini, mara thelathini, hata viganja vikachubuka. Harufu ya esansi ikatujaa puani. Upepo ukaanza kuvuma, mtumbwi ukageuka ubavu mbele ya mawimbi, na mama mmoja akamfunga mtoto wake kifuani kwa kitenge, bila kusema neno.

Mungu si Athumani! Wavuvi wa sambaza waliokuwa wakirudi kutoka uvuvi wa usiku wakatuona. Mzee mmoja akaingia mtumbwini mwetu.

"Mwalimu, acha kuvuta," akasema. "Umeizamisha kwa esansi."

"Mzee, mimi nilidhani ina kiu."

"Imekunywa kupita kiasi."

Akachomoa mpira wa esansi, akafungua buji zote mbili. Zilikuwa nyeusi na zimelowa. Akazifuta vizuri, akafungua choki yote, akaweka nyaya za buji mbali, akavuta kamba polepole mara kadhaa ili esansi iliyozidi itoke. Akangoja mvuke upeperuke. Kisha akarudisha kila kitu mahali pake, akavuta kamba taratibu mpaka akasikia uzito, ndipo akavuta kwa nguvu. Mara ya tatu mota ikanguruma.

Nilifurahi, lakini niliona haya pia. Mara ngapi nimewafundisha wanafunzi kwamba hewa ina uzito, na kwamba hupungua kadiri tunavyopanda juu! Uso wa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya bahari. Kivu iko karibu mita 1,460. Ndiyo maana mto Ruzizi hutoka kwetu ukashuka kwenda kule. Hapa Bukavu kanieneo ya hewa ni kama sehemu 85 tu kwa 100 za ile ya pwani ya bahari. Kabureta iliyopimiwa bondeni haijui kwamba imehama: hutoa esansi karibu ile ile, na hewa ni haba. Tofauti hiyo peke yake si kubwa. Lakini ukiongeza buji chafu na choki iliyofungwa muda mrefu, mota huzama.

Basi, mwenye mota kuukuu na aitengeneze nchi kavu, kabla ya safari. Kwanza, asafishe buji, na nafasi ya cheche aipime kama kitabu cha mota kinavyoagiza. Pili, asitumie esansi iliyolala miezi mingi, kwa maana huacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Wala asikisie kipimo cha oili inayochanganywa nayo. Tatu, afungue tundu la hewa la mfuniko wa tangi, abonyeze mpira wa esansi mpaka uwe mgumu, aweke gia huru. Nne, choki ni ya mota iliyopoa tu. Ikitoa dalili ya kwanza ya kuwaka, aifungue. Tano, ikiwa bado inalowesha buji, fundi apunguze esansi kwa parafujo ya kabureta, robo mzunguko kwa mara moja. Kujaribu kuiwasha kufanywe mota ikiwa majini, maana hupozwa na maji ya ziwa. Tena sigara iwe mbali. Na hata mota ikiwa njema namna gani, kafi na majaketi ya kuokolea visikosekane mtumbwini.

Sambaza nao walitoka Tanganyika. Waliletwa Kivu kati ya 1958 na 1960, wakazoea maji ya juu, na leo hulisha maelfu ya nyumba. Samaki hujizoesha mwenyewe. Mota hungoja mkono wa mtu anayejua.

Kwa siku nyingi nilisema mota ile ni kaidi. Kumbe mkaidi nilikuwa mimi, niliyevuta kamba mara thelathini bila kujiuliza mara moja. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.