Vikapu Vilivyochuja Rangi

Mtu wa mjini anunuapo kikapu cha milala hutazama mambo matatu: bei, mikono ya kushikia, na rangi. Akikuta wekundu umekolea na weusi umekoza, hulipa na kwenda zake. Ni wachache mno wanaokilowesha kikapu kabla ya kukinunua, na sidhani kama yupo muuzaji ambaye angekubali. Lakini kikapu ambacho hakijapata maji ni kama mchumba ambaye hajawahi kukasirishwa. Hujamjua bado.

Nasema haya kwa sababu nyumba niliyoolewa, huku Muyeye, Malindi, ilikuwa ikila na kuvaa kwa vikapu tangu kabla sijafika. Mama mkwe wangu, ambaye sisi wakaza wana humwita Mayo na wajukuu humwita Hawe, alijifunza kusuka kwa mamake huko bara. Mimi nilikuja na cheti changu cha ukarani nikidhani kusuka ni kazi ya kupoteza wakati kivulini. Ilinichukua miaka kadhaa kuelewa kwamba aliyekuwa akilipa karo katika boma lile ni ukili, wala si mshahara wa mtu.

Milala hutoka kwenye mkoma, mti jamii ya mnazi unaojiotea nyuma ya Malindi, kuanzia Ganda na kuendelea hadi kando ya Mto Sabaki. Hukatwa kuti changa ambalo bado halijafunguka, likachanwa, likaanikwa juani siku kadhaa hadi likawa jeupe. Baada ya hapo ndipo kazi ya rangi inapoanza, na hapo ndipo Mayo huwafukuza watoto wote jikoni.

Hufunga milala matita madogo na kuyaloweka kwanza, kwa kuwa jani kavu hunywa rangi kwa pupa na kutoka na mabaka. Maji huchemka kwenye sufuria kubwa la rangi. (Nawaambia kina mama wenzangu: sufuria la rangi halirudi kupika wali, hata lisuguliwe kwa mchanga wa pwani yote.) Rangi ya unga hutiwa, halafu chumvi. Ile chumvi si ushirikina. Kwa rangi zilizokusudiwa mimea, kama pamba na majani, chumvi huisukuma rangi itoke majini na kuingia kwenye nyuzi. Kisima chetu kina maji ya chumvichumvi tayari, kwa hiyo kwa rangi nyeusi Mayo huyatumia yalivyo. Kwa manjano hukataa katakata na kungoja maji ya mvua, akisema kisima huifanya manjano iwe na huzuni. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa nyingi, na chokaa hufifiza rangi. Yeye hakusoma hayo popote.

Tita hugeuzwageuzwa kwa kijiti muda wa kama nusu saa, likatolewa, likasuuzwa, na kuanikwa kivulini. Juani hapana, kwani jua lililoifanya milala iwe nyeupe ndilo litakaloifuta rangi.

Zamani rangi zilitoka porini. Mizizi ya mdaa ilitoa weusi, mzingefuri ukatoa wekundu, magome ya mkandaa yakatoa hudhurungi. Kisha mwaka wa 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, akiwa anatafuta dawa ya malaria, alijikuta na rangi ya zambarau ndani ya chupa yake. Kutoka hapo viwanda vya Ulaya vikazaa rangi za unga za kila namna, na pakiti zake zikafika hadi kwenye vibanda vya Malindi. Sina chuki nazo. Anayewataka kina mama warudi kuchimba mdaa na waende kwanza wachimbe yeye.

Biashara yenyewe ilipata pumzi mpya Agosti 28, 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Watu waliokuwa wakivicheka vikapu walianza kuviulizia. Bibi mmoja mfanyabiashara akaanza kununua kwetu kwa jumla na kupeleka Nairobi, na ndiye aliyeleta agizo la mwisho wa 2023: vikapu 40, kila kimoja shilingi 300, na wengi wa wateja wake walitaka mistari myekundu.

Fedha hizo zilikuwa na mwenyewe kabla hazijafika. Binti ya shemeji yangu alikuwa ameketi KCPE ya 2023, ile iliyokuwa ya mwisho kabisa, na Januari 2024 alipaswa kuingia Kidato cha Kwanza. Babake alikuwa hana kazi. Mayo akasema waziwazi mbele ya wote kwamba vikapu hivyo ni vya mtoto huyo.

Mnakumbuka mvua za mwishoni mwa mwaka ule. El Nino ilimwaga maji Pwani hadi barabara zikawa mito. Kuni zilikuwa mbichi, milala haikauki, na duka ambalo Mayo alizoea kununua rangi lilikuwa limefungwa. Akanunua nyekundu kwa mchuuzi, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki isiyo na jina wala maandishi. Ilikuwa rahisi kidogo, na ilikolea vizuri ajabu. Vikapu vikasukwa, vikashonwa, vikaondoka.

Katikati ya Desemba vikapu 28 vilirudi juu ya tuktuk. Yule bibi hakuja na matusi. Alikuja na gauni jeupe ndani ya mfuko. Lilikuwa la mteja aliyenyeshewa mvua huku amekibana kikapu ubavuni. Upande mmoja wa gauni ulikuwa mwekundu kuanzia kwapani hadi pajani. Akalipia 12 visivyokuwa na nyekundu, shilingi 3,600, na vingine akavishusha kibarazani.

Shilingi 8,400 zilikuwa zimekwenda na maji, na shule ilikuwa inafunguliwa baada ya mwezi mmoja.

Mayo hakulia wala hakumlaani mchuuzi. Alichukua kikapu kimoja akakitosa kwenye beseni, na maji yakageuka mekundu kama damu ya kuku. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kosa ni la moto: kuni mbichi hazikuchemsha sawasawa. Kesho yake tukatafuta makaa, akapika tita jipya kwa rangi ileile na maji yakitokota. Tukasuuza mara nne. Mara ya nne maji yalitoka mekundu vilevile. Basi si moto.

Jibu lilitoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Mwanangu wa pili alikuwa amefungua likizo na kisahani cha gofu, zawadi ya binamu yake anayesoma Marekani. Ni mchezo wa kurusha visahani vya plastiki hadi viingie kwenye kikapu cha minyororo. Uwanja wake rasmi wa kwanza ulifunguliwa California mwaka wa 1975. Kikapu cha minyororo hatuna, hivyo yeye na wenzake walikuwa wakilenga ndoo. Kisahani chenyewe kilikuwa cheupe pe, naye alitaka kukitia nakshi kwa njia aliyoelezwa na binamu yake. Unamwaga gundi nyeupe ya seremala kwenye sinia, unadondosha rangi juu ya gundi, unachora kwa kijiti, kisha unakilaza kisahani kifudifudi siku nzima. Gundi ni nzito, kwa hiyo rangi hukaa pale ulipoiweka, na polepole huhamia kwenye plastiki. Aliomba rangi kwa Hawe, naye akampa kijiko cha ile nyekundu. Kesho yake alipoosha, gundi ilibanduka na rangi yote, likabaki doa hafifu kama la chai.

"Hawe, imekataa," akasema.

"Plastiki haina kiu," Mayo akamjibu, akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Halafu akanyamaza. Alikuwa anaangalia vikapu vyake. "Na hii milala nayo," akasema, "mbona kwa rangi hii haina kiu?"

Mwanangu yuko Kidato cha Tatu na kemia ndilo somo analolipenda. Akaeleza kwamba rangi si kitu kimoja. Ziko zinazoshika mimea. Ziko zinazoshika sufu na nailoni, na hizo hutaka maji ya moto yenye uchachu kidogo. Ziko nyingine zilizobuniwa miaka ya 1920 kwa kitambaa cha asetati, ambazo ndizo hupenya polista na plastiki kama ya kisahani. Ukiipa rangi mwenyeji asiye wake itamtembelea tu, haitalala.

Tukafanya jaribio. Sufuria moja, rangi ileile, maji ya moto na siki kidogo. Ndani tukatia uzi wa sweta kuukuu la sufu, kipande cha kanga ya pamba, unyasi wa mlala, na uzi wa nailoni wa nyavu. Uzi wa nyavu haukosekani katika mji wa wavuvi. Baada ya nusu saa tukatoa vyote na kuvitia katika glasi nne za maji baridi.

Asubuhi glasi ya kanga ilikuwa nyekundu, na ya mlala nyekundu zaidi. Glasi ya sufu na ya nailoni zilikuwa safi unaweza kuyanywa maji yake, ingawa sikushauri. Uzi wa nyavu ulikuwa umekuwa mwekundu hadi moyoni. Rangi ile haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa rangi ya sufu na nailoni, ikauzwa bila jina kwa mwanamke anayesuka majani.

Hapo ndipo hasira zilinipanda mimi, si Mayo. Pakiti isiyo na maandishi haimdhulumu mnunuzi fedha peke yake. Baadhi ya rangi za zamani zilizotengenezwa kwa benzidini zimehusishwa na saratani ya kibofu cha mkojo, na mwaka wa 2002 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzikataza rangi za jamii hiyo kwenye nguo na ngozi. Mayo alikuwa akikoroga unga ule kwa mkono mtupu. Sasa huvaa glavu, si kwa sababu nilimhubiria, bali kwa sababu mjukuu wake alimletea na angeona vibaya kuzikataa.

Vikapu 28 tuliviosha. Tuliviloweka katika pipa, tukabadilisha maji asubuhi na jioni, vingine mara tano, vingine mara tisa, hadi maji yakatoka meupe. Ndani tulishindilia magunia visipoteze umbo, tukavitundika kibarazani katikati ya mvua. Wekundu ukafifia ukawa rangi ya waridi iliyochakaa, na ile mistari iliyokuwa myeupe nayo ikashika uwaridi kidogo. Sita vilipinda vibaya, tukavitumia sokoni sisi wenyewe. Yule bibi alikuja, akatosa kimoja kwenye beseni lake mwenyewe, akangoja hadi akamaliza chai. Akavichukua 22 kwa shilingi 200 kila kimoja. Sikumlaumu. Zilikuwa 4,400, na pengo lilikuwa 4,000.

Kwa wiki mbili zilizobaki Mayo alisuka milala mitupu, isiyo na rangi yoyote, maana hiyo haihitaji kuni. Tulichana sote usiku, hata mume wangu, ambaye vidole vyake havikuumbwa kwa kazi hiyo. Vikapu tisa vikapatikana na kuuzwa bei ile ile ya 300, jumla 2,700. Zile 1,300 za mwisho nilizitoa mimi na shemeji. Msichana aliripoti shuleni siku mbili baada ya wenzake, akiwa na kikapu kimoja kati ya vile sita vilivyopinda, amekitia viatu.

Tangu hapo Mayo akienda kununua rangi huwa amefunga kwenye pindo la kanga nyasi tatu za mlala. Huomba chembe ya unga, akaja nyumbani akachemsha, akalaza glasi usiku mmoja, ndipo arudi kununua. Wauzaji wawili wamemkatalia. Wa tatu alimkubalia, na sasa huandika kwa kalamu juu ya kila pakiti inatoka wapi na ni ya nini.

Kisahani nacho kilipata haki yake Aprili 2024, binamu alipotuma pakiti ndogo ya rangi ya polista. Gundi ikamwagwa tena kwenye sinia. Safari hii Mayo ndiye aliyeshika kijiti. Hakuchora maua. Alivuta mistari myeusi na ya buluu ikipishana, juu chini, juu chini, kama ukili, na kijana akakilaza kisahani juu yake kwa uangalifu kama anayemlaza mtoto mchanga. Kiliachwa siku moja na usiku wake. Walipokibandua na kukiosha, mistari ilikuwa palepale, imepinda kidogo pembeni ambapo gundi ilisogea. Mayo akakisugua kwa sabuni, akakisugua kwa limau, akakitia kwenye glasi—yaani kwenye beseni, maana glasi haikitoshi—na kukiacha hadi asubuhi.

Maji yalikuwa meupe. Kijana alitaka kwenda kukirusha ufukweni siku hiyohiyo, lakini Hawe amekitundika ukutani juu ya kitanda chake na hataki hata kukisikia kikizungumziwa. Wavulana wamerudia kurusha kifuniko cha ndoo.